Kadi Tatu Kwenye Fundo la Khanga

Wanangu mnaokalia sasa kiti changu, pale karibu na dirisha linalotazama stendi ya Lushoto, malalamiko yenu yamenifikia. Mnasema wateja wa siku hizi wanachosha. Mtu anauliza nauli, unamtajia, naye anauliza, "Na hiyo inanipa pointi ngapi?" Unamtajia nauli nyingine iliyo juu kidogo, anauliza tena. Mwisho anaaga, anasema atarudi kesho, na kesho anarudi na maswali mapya. Mmoja wenu tulipokutana sokoni aliniambia, "Shangazi, hawa watu wanasafiri au wanacheza bahati nasibu?"

Nilicheka, kwa kuwa hata mimi niliwahi kuwaza hivyo. Nimekata tiketi za ndege tangu ujana wangu, kwanza Tanga mjini, kisha hapa milimani mpaka nilipostaafu. Aliyenifungua macho kuhusu nauli na pointi ni mama mmoja mkulima wa Lukozi, ambaye wakati huo alikuwa hajawahi hata kuiona ndege kwa karibu. Nitamfikia. Nina deni la shukrani kwa watu wengi, na ningependa niwataje kwa nafasi zao.

Wa kwanza ni Bwana Mhando, bosi wangu wa Tanga. Enzi zake tiketi ilikuwa kitabu kidogo chenye kurasa zilizopakwa kaboni nyekundu kwa nyuma. Uliandika kwa mkono, ukikandamiza kalamu ili maandishi yafike ukurasa wa mwisho, na jioni ulirudi nyumbani vidole vyekundu kama mtu aliyetoka kuchuma matunda damu. Ukikosea jina, tiketi nzima ilifutwa na ulitoa maelezo. Lakini Bwana Mhando hakuwa mkali sana kwenye mwandiko. Ukali wake ulikuwa kwenye masharti. Kila asubuhi kabla hatujafungua mlango alichagua nauli moja na kunihoji.

"Abiria kafiwa katikati ya safari. Tiketi hii inasemaje?"

"Hairudishwi, bwana."

"Inabadilishwa tarehe?"

"Inabadilishwa kwa faini."

"Basi mwambie hivyo kabla hajalipa. Usisubiri umwambie akiwa analia."

Nilimwona mzee mwenye kupenda mikosi. Kila siku maswali yake yalikuwa ya misiba, homa na pasipoti zilizopotea. Nilipohamia Lushoto ndipo nilipomwelewa, tena kwa kumuumiza mtu.

Huyo mtu alikuwa msimamizi wa wachuma chai kutoka upande wa Kwamkoro, kijana mpole aliyepata nafasi ya kwenda kusoma kozi nje. Alikuja kwetu kumuaga dada yake aliyeolewa hapa, akakata tiketi kwangu. Nilimpa nauli ya chini kabisa, isiyobadilishwa wala kurudishwa, na nilijiona nimemtendea wema. Usiku wa kuamkia safari yake mvua ikanyesha, udongo ukaporomoka chini ya Soni, barabara ikafungwa. Siku ya tatu alirudi ofisini, suruali imekunjwa mpaka magotini, viatu mkononi.

"Dada," akasema, "ndege haikunisubiri."

Hakunitukana. Alisimama tu, tope likikauka miguuni. Kozi alikwenda, maana mwajiri wake alihangaika, lakini alichelewa juma zima. Mimi nilikuwa nimeichukulia mvua kuwa ni kazi ya Mungu, na nauli kuwa ni kazi yangu, sikuona zinapokutana. Tangu hapo sikumuuzia mtu wa milima hii tiketi bila kumuuliza atalala wapi siku ya kuamkia safari. Safari ya mtu wa Dar inaanzia uwanja wa ndege. Ya kwetu inaanzia kwenye kona za kushukia Mombo. Ukisahau kila nilichoandika hapa, hilo la kushuka mlima siku moja kabla lishike.

Sasa tuje kwenye kadi. Kwa yule ambaye ameanza kazi jana: shirika la ndege linampa abiria kadi yenye namba na jina lake. Kila akisafiri nalo anaandikiwa pointi, ambazo wengine huziita maili. Zikitimia idadi fulani anapata tiketi ya zawadi, na anabaki kulipia kodi na ada za uwanja tu. Akisafiri sana anapandishwa daraja, fedha au dhahabu, anaongezewa begi na anapanga mstari mfupi. Hapo mwanzo pointi zilifuata umbali. Ukiruka mbali unapata nyingi, ukiruka karibu unapata kidogo, na bei uliyolipa haikuwa na maana kubwa.

Kwa hiyo watu walipenda umbali. Nilikuwa na mteja mtafiti wa vyura aliyekuwa akija kufanya kazi kwenye msitu wa Amani. Alikataa ndege ya moja kwa moja. "Mama Joeli, nitafutie njia ndefu," alikuwa akiniambia. Nilimzungusha viwanja vitatu, mara vinne, na yeye akifurahi kama mtoto anayebembezwa. Safari moja alifika huku miguu imevimba, viatu havivuliki, tukamwekea maji ya chumvi kwenye beseni palepale ofisini. Akiwa ameloweka miguu aliuliza kama kwa kurudi kuna njia ndefu zaidi.

Halafu mashirika yakabadilika, moja baada ya jingine. Yakasema sasa pointi zitafuata fedha uliyolipa. Mbali au karibu, ukilipa kidogo utapata kidogo. Nauli za chini kabisa zikabaki na pointi za kuonja tu, nyingine hazikupewa hata moja.

Mimi nina tabia ya kuandika mambo. Nilikuwa na daftari la jalada gumu ambalo niliandika kila mteja aliuliza nauli gani, mwishowe alichukua ipi, na sababu aliyoitoa kwa kinywa chake. Baada ya mabadiliko yale nililisoma na nikaona watu wamegawanyika. Wale ambao nauli yao inalipwa na ofisi ghafla walipenda nauli ya juu. "Nipe ile inayobadilishika, kazi zetu hazitabiriki," waliniambia. Nilifuatilia. Hazikubadilishwa hata siku moja. Wanaolipa kutoka mfukoni mwao waliitupa kadi, wakaanza kupanda ndege yoyote iliyo rahisi, na mtafiti wangu wa vyura akawa mmoja wao. Akaanza kufika miguu ikiwa mizima. Walioumia ni wa katikati, wanaolipa wenyewe lakini wamekaribia daraja fulani na wanaogopa kushushwa. Hao walinunua nauli wasiyoihitaji ili wabaki na kadi waliyoizoea. Mwishoni mwa mwaka kuna waliosafiri kwenda mahali na kurudi bila shughuli yoyote, na mimi niliziita safari za kadi. Mtu wa namna hiyo nilimuuliza swali moja: "Kadi hii ikikuacha leo, ni kitu gani kitakupungukia?" Mara nyingi jibu lilikuwa begi la pili, na begi la pili linanunuliwa peke yake bila kununua heshima yote ile.

Yote haya niliyaona kwa wateja. Kwangu mwenyewe sikuona, na hapo ndipo anapoingia Nuru.

Nuru ni muuguzi, mzaliwa wa Lukozi, aliyeolewa akahamia Ulaya kwenye nchi ya baridi. Mama yake alibaki Lukozi na njegere zake, kabichi zake na mumewe aliyekuwa mgonjwa. Nuru angeweza kujikatia tiketi kwa simu kama wenzake, lakini alinipigia mimi kila safari. Alisema anataka mtu atakayemgombeza akikosea.

Alikuwa na binti mdogo, Tumaini, aliyezaliwa na tundu kwenye moyo. Madaktari wa kule walikataza asipande ndege mpaka afanyiwe upasuaji, na upasuaji ulisubiri akue kidogo. Kwa hiyo Mama Nuru alimjua mjukuu wake kwenye kioo cha simu tu. Aliniambia siku moja, "Meno yake nayaona. Nywele naziona. Harufu yake siijui."

Nuru aliweka mpango. Pointi za safari zake zote angeziacha zikusanyike kwenye kadi yake, na zikitimia atamkatia mama yake tiketi ya zawadi aende akamwone mtoto. Mpango huo niliujua. Niliuandika hata kwenye daftari.

Baba yake Nuru akaugua sana, Nuru akaja. Miezi michache baadaye mzee akafariki, akaja tena. Safari zote mbili nilimkatia nauli ya chini kabisa kwa haraka, nikiamini kuwa kumhurumia mfiwa ni kumpunguzia nauli. Ujumbe wa shirika lake kuhusu pointi kufuata fedha ulikuwa umeshafika kwenye kompyuta yangu. Niliuona. Ulikuwa na picha ya familia inacheka ufukweni, nikadhani ni tangazo la sikukuu, nikaupita. Mwanafunzi wa Bwana Mhando, niliyehojiwa masharti kila asubuhi, nikapitwa na sharti kwa sababu ya picha.

Nuru akanipigia.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto yukoje?"

"Wamempangia tarehe ya upasuaji, mwezi ujao. Nataka mama awepo. Viza amepata. Nimeingia kwenye kadi yangu kumkatia tiketi, pointi zinatosha kwenda tu. Za kurudi hazipo. Zile safari mbili za baba ni kama sikusafiri."

Nikafungua kumbukumbu zake. Safari zilikuwepo, na mbele ya kila moja kulikuwa na pointi chache za kutia huruma. Chini yake palikuwa na tangazo jingine: kuanzia tarehe moja, tiketi za zawadi zitahitaji pointi nyingi zaidi. Anayekata kabla ya mwezi kwisha atapata kwa hesabu ya zamani. Zilibaki siku tisa. Kununua ile ya kurudi kwa fedha Nuru hakuweza. Alikuwa kwenye likizo isiyo na mshahara akimuuguza mtoto, na nauli za msimu ule zilikuwa juu.

"Nuru," nikasema, "hili kosa ni langu. Nauli niliyokupa haikuwa na pointi za maana, na nilipaswa kujua."

Nilisikia kijiko kikigonga kikombe upande wa pili.

"Shangazi, siku baba alipofariki nilikupigia alfajiri nikilia. Kabla sijamaliza kufungasha nilikuwa na tiketi. Nilimwona baba kabla hajazikwa. Kwa hiyo usiniombe radhi. Nisaidie tu mama afike."

Nimezeeka, wanangu, na sijapewa msamaha uliotolewa kwa maneno machache kama yale.

Nikampelekea Mama Nuru habari. Nilimkuta shambani Lukozi, akanisikiliza huku anachuma njegere, hakusimamisha mikono.

"Hizo pointi," akauliza, "watu wengine wanazo?"

"Wanazo, mama."

"Huku kwetu?"

"Wachache. Wanaosafiri sana."

"Kama nani?"

Nikataja bila kufikiri: mchungaji aliyekuwa akienda mikutano ya nje, daktari mmoja wa hospitali, na Bwana Masanja wa kiwanda cha chai. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchuma. Nikarudi zangu Lushoto.

Siku ya soko akaingia ofisini. Nikamwamkia, akaitika, akaketi, akafungua fundo la khanga yake. Badala ya noti akatoa kadi tatu, zote za shirika lilelile la Nuru, na kuzipanga mezani moja moja. Ya mchungaji. Ya daktari. Na ya dhahabu, ya Bwana Masanja.

"Wamenipa," akasema. "Kata hizo pointi uunganishe."

"Mama Nuru! Umewaambia nini hawa watu?"

"Nimewaambia ukweli. Nina safari ya kwa mjukuu, nimepungukiwa pointi, naomba ngemo."

Msiotoka milimani niwaeleze: ngemo ni kazi ya pamoja ya Wasambaa. Una shamba limekushinda, unawaita majirani, wanakuja na majembe yao, wanalima kwako. Kesho wakiitana wewe unakwenda kwao. Mama Nuru alikuwa ameitisha ngemo ya kadi za ndege.

Nikajaribu kumweleza kuwa kadi ina jina la mwenyewe, na pointi za mtu haziondoki kwenye kadi yake kwenda kwenye kadi ya mwingine.

"Jembe nalo lina mwenyewe," akasema. "Halijawahi kukataa kulima shamba la jirani. Hii kadi imeshindwa nini?"

"Ni sheria ya shirika, mama."

"Umeisoma hiyo sheria?"

Akaniuliza kwa upole kabisa, kama Bwana Mhando. Nilikuwa nimeisoma nusu, na nusu ile ndiyo iliyotufikisha pale. Nikamwomba aende sokoni auze mzigo wake, arudi baadaye. Nikachukua rula, nikaiweka chini ya mstari wa kwanza wa masharti, nikashuka mstari kwa mstari kama mwanafunzi wa chekechea, kurasa zote. Na huko ndani, mahali ambapo mtu aliyechoka hafiki, nikakuta: pointi hazihamishwi, ila mwenye kadi anaweza kuzitumia kukata tiketi ya zawadi kwa jina la mtu yeyote amtakaye, si la ndugu yake tu kama nilivyodhani siku zote. Jembe lisitoke mkononi mwa mwenyewe, lakini mwenyewe anaruhusiwa kulimia jirani.

Nikawapigia wenye kadi. Ya mchungaji ilikuwa imekwisha muda, naye alicheka, akasema alijua ila alishindwa kumnyima mama wa watu. Daktari alikuwa na pointi za kufika Zanzibar. Akabaki Bwana Masanja.

Bwana Masanja alitoka Shinyanga, alisimamia kiwanda cha chai, na alinunua njegere za Mama Nuru kila soko. Kadi yake ya dhahabu ilikaa kwenye mfuko wa shati, ukingo unachungulia nje. Siku moja kwenye kizuizi cha barabarani aliitoa kwa bahati mbaya pamoja na leseni, askari akampigia saluti, na hadithi hiyo aliisimulia mpaka wafanyakazi wake wakaikariri. Alikuwa miongoni mwa wale wa kulipa nauli ya juu ili wasishushwe daraja. Kwa hiyo pointi alikuwa nazo.

Akaja mchana huo, Mama Nuru naye akiwa amerudi.

"Mama Joeli, hiyo ngemo mimi sikuielewa, nilidhani anataka kumwonyesha mtu kadi inavyofanana," akasema. "Nikamwambia aende nayo tu."

Nikamweleza yote: upasuaji, tarehe, siku mbili zilizobaki. Akaivuta kadi yake kwa kidole, akaitazama.

"Hizi nilikuwa naziwekea safari yangu na mama watoto. Nikistaafu tupande tukae mbele kabisa, kule wanakoletewa chakula kwenye sahani ya udongo. Mara moja tu kabla ya kufa."

Mama Nuru akasema, "Baba, usijilazimishe. Kulima ngemo ni hiari."

Bwana Masanja akatoa simu, akampigia mkewe, akaifungua sauti tukasikia sote.

"Mama Neema, zile pointi za kukaa mbele..."

"Mbele ya wapi?"

"Ya ndege. Tukistaafu. Kuna mama hapa anataka kwenda kumwona mjukuu mgonjwa, amekosa za kurudia."

"Baba Neema, walio mbele na walio nyuma si wanafika pamoja?"

Akatutazama. "Mmemsikia wenyewe," akasema, akaomba kiti asogee kwenye kompyuta. Akaandika nywila yake kwa kidole kimoja, kiganja kingine kimeifunika, kana kwamba Mama Nuru angeiba. Nauli za zawadi zilikuwa mbili: moja ya pointi chache isiyobadilishwa tarehe, na nyingine ya pointi nyingi inayobadilishwa. Nilijua alivyojinyima, nikaelekeza kidole kwenye ile ya pointi chache. Lakini nikamsikia Bwana Mhando, aliyekuwa ameshatangulia mbele za haki. Abiria huyu anakwenda hospitalini. Tiketi hii inasemaje?

"Bwana Masanja," nikasema, "samahani. Ningekuomba hii ya juu."

"Inakomba zote?"

"Karibu zote."

Akabofya. "Ukilima, lima," akasema.

Mama Nuru alimtolea gunia la njegere. Bwana Masanja akalalamika nani atazimenya, naye akamjibu, "Zimenye mwenyewe, upunguze kitambi." Wiki ileile, kabla hajasafiri, alikwenda na akina mama wenzake wa Lukozi wakapalilia bustani ya Mama Neema yote, wakaimba, wakala makande, wakarudi.

Kwa kuwa alikuwa na tiketi mbili zilizokatwa kwa kadi mbili, ya kwenda kwa kadi ya Nuru na ya kurudi kwa ya Bwana Masanja, nilizichapa zote na kuziweka kwenye bahasha moja, nikamwambia akiulizwa ya kurudi atoe bahasha nzima. Nikamteremsha mlimani siku moja kabla, nikafika naye mpaka Mombo. Alibeba peasi na plamsi kwenye begi, nikazitoa zote, maana matunda mabichi hayaruhusiwi kuingizwa kule, akaninunia mpaka basi lilipoondoka.

Alifika. Nuru alinitumia picha: bibi amefunga mtoto mgongoni ndani ya nyumba, mtoto mwenyewe mkubwa, miguu inaning'inia, wote wawili hawatazami kamera.

Kisha Tumaini akapata mafua. Mafua ya kawaida, lakini mtoto wa moyo hapasuliwi akiwa na mafua. Hospitali ikasogeza tarehe mbele, ikaangukia siku nne baada ya siku ambayo Mama Nuru alipaswa kurudi. Nuru alinipigia akihema. Nikamwambia atulie, tiketi inabadilishwa. Ila mwenye kuibadilisha ni mwenye pointi, kwa simu yake mwenyewe. Nikamtafuta Bwana Masanja, nikampata kiwandani, mashine zinanguruma. Akatoka nje kutafuta mtandao, akapanda juu ya marundo ya kuni za kukaushia chai, na kutoka juu huko akabishana na mhudumu wa shirika kwa Kiingereza chake chote mpaka kiti kikapatikana. Wafanyakazi walimzunguka chini. Aliposhuka walimpigia saluti.

Kwa hiyo siku mlango wa chumba cha upasuaji ulipofunguka, Mama Nuru alikuwa amekaa nje yake, mkono wa Nuru ndani ya mkono wake. Daktari alitoka akatabasamu kabla hajasema. Kama ningekuwa nimechagua ile tiketi ya pointi chache, mama yule angekuwa amerudi Lukozi, anasubiri kuambiwa.

Wanangu, mteja akiuliza pointi ngapi, msimchoke. Nyuma ya swali lile kuna mtu. Muulizeni anaziwekea nini, na mkishajua, someni masharti mpaka mstari wa mwisho, hata wenye picha ya ufukwe. Halafu mtajieni nauli inayomfaa, iwe ya chini au ya juu, na mwambieni kwa nini.

Miaka miwili baadaye, miezi yangu ya mwisho kazini, madaktari walimruhusu Tumaini kupanda ndege. Nuru akapiga simu, mara hii hakuuliza pointi hata kidogo, akasema, "Shangazi, mimi nitawahi kurudi kazini. Mtoto mkatie kivyake, atarudi na baba yake." Nikawakatia wote wawili inayobadilishika.

Juma moja kabla ya tarehe ya kurudi, Mama Nuru akaingia ofisini amemshika mkono msichana wa miaka sita mwenye tope kwenye viatu na ganda la njegere kwenye nywele, baba yake akiwafuata nyuma.

"Shikamoo," akasema mtoto, kwa lafudhi ya mbali.

"Marahaba, mjukuu wangu."

Akaja mpaka ukingo wa meza, akaitazama kompyuta yangu, kisha akanitazama mimi.

"Bibi anasema wewe ndiye unayesogeza ndege."

"Ndege sisogezi," nikamwambia. "Nasogeza tarehe."

Akaushika tena mkono wa bibi yake.

"Basi sogeza."

Nikasogeza.